Somo Yake Siwema

Jina la nchi yetu limekodishwa kwa kampuni moja ya sabuni huko Ng'ambo, kwa hiyo sina ruhusa ya kuliandika hapa. Ni nchi nzuri. Ina milima miwili, mto mmoja, na wizara nyingi kuliko milima na mito ikijumlishwa. Wizara kubwa kuliko zote ni Wizara ya Wasiokuwepo.

Zamani tuliuza korosho na ngozi. Kisha wataalamu wakagundua kwamba korosho ikishauzwa imekwisha, lakini mtu ukimpeleka Ng'ambo anaendelea kuleta. Tangu hapo zao letu kuu ni watu. Waziri alilieleza jambo hili katika hotuba ambayo watoto huikariri mpaka leo: "Ndugu wananchi! Nchi nyingine zina watu wasiofanya kazi ambao wapo. Sisi tuna watu wanaofanya kazi ambao hawapo. Nani ametangulia?" Makofi yalikuwa mengi. Waziri hakuyasikia, maana kwa kuwaonea uchungu wasiokuwepo alikuwa amehamia Ng'ambo na familia yake yote. Hotuba zake hutufikia kwa simu. Simu huwekwa juu ya kiti chake chenye mito, na karani husimama pembeni akiipepea.

Dada yangu Siwema alivunwa katika msimu wa pili. Kuvunwa ndilo neno la serikali. Ukisema "ameondoka" ni kosa dogo, na ukisema "ametuacha" ni kosa kubwa.

Sisi tulikuwa watu wa tanuri. Baba alipofariki alituachia tanuri la udongo nyuma ya nyumba, na mtaa mzima ulikula mikate yetu ya ajemi. Siwema ndiye aliyekanda. Alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi, na ulipomwita hakukungoja umalize jina. "Siwe—" "Abee!" Mama yetu, Bi Mwanahija, alimlea hivyo. Mtoto wa kike akiitwa na mtu mzima anaitika, hata kama mdomo umejaa, hata kama amenuna, hata kama hataki.

Alikwenda kumtunza bibi kizee mmoja wa Ng'ambo ambaye watoto wake walikuwa na kazi nyingi. Mama alimuuliza afisa, "Na mimi nikizeeka, nitatunzwa na nani?"

Afisa alimjibu kwa upole sana. "Mama, wewe utatunzwa na maendeleo."

*

Maendeleo yalikuja. Yalikuja kwa maboksi, na mengine kwa simu. Tukaweka bati jipya, tukaweka sakafu ya vigae, tukaweka jokofu lenye taa ndani. Mimi niliendelea kuoka mikate mpaka jirani yetu Bi Mwajabu aliponikuta nachochea moto.

"Haa! Mtu ana dada Ng'ambo na bado ananuka moshi?" alisema, mkono kiunoni. "Huoni unamtia aibu mwenzako? Watu watasema haleti kitu."

"Lakini mtaa utakula nini, Bi Mwajabu?"

"Mtaa utakula mkate wa nailoni, kama watu."

Mkate wa nailoni ulitoka Ng'ambo. Ulikaa mwezi mzima bila kuota ukungu, maana hata ukungu haukuutambua kuwa ni chakula. Nikaliacha tanuri lipoe. Wizara ikanipa cheo cha Mpokeaji Daraja la Pili, na kazi yangu ikawa kukaa karibu na simu. Wanaume wote wa mtaa wetu walikuwa Wapokeaji. Mashamba ya bondeni yaliota nyasi zilizompita mtu urefu, lakini nyumba zilizidi kupanda, na Wizara ilipiga picha za nyumba peke yake. Siku moja nilijaribu kukanda unga kwa kujifurahisha. Mikono yangu ilikuwa imesahau kiasi cha maji.

Siwema alipopiga simu alikuwa akisema, "Kaka, mwakani narudi." Ila kila alipotaka kurudi, nyumba ilikuwa imebakiza kitu kimoja. Mwaka ule ilikuwa paa. Mwaka uliofuata yalikuwa macho ya Mama. Halafu ilikuwa harusi yangu. Akawa anasema "mwakani" kama watu wengine wanavyosema "inshallah".

*

Mke wangu Kidawa alipojifungua mtoto wa kike, tulimwita Siwema, kwa ajili ya hamu tu. Nyumba ilikuwa haijatamka jina lile kwa furaha kwa miaka mitatu. Kwetu mtoto anayepewa jina la mtu huwa somo yake, na masomo huhesabiwa kama mtu mmoja. Ukimkosea huyu, unaweza kumwomba radhi yule. Dada alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Huyo ni mimi huyo! Msimkaripie, mkimkaripia mmenikaripia mimi!"

Hatukujua kwamba Wizara husikiliza simu, na kwamba hupenda sana mila zetu.

Haukupita muda ikatoka Sheria ya Somo, yenye kifungu kimoja: Somo ni mtu yule yule. Mwanzoni ilikuwa sheria tamu. Mtoto wetu aliruhusiwa kuchukua maboksi ya shangazi yake bandarini bila kuulizwa. Siku ya Wasiokuwepo alikalishwa mbele, kwenye kiti cha shangazi yake, miguu ikining'inia. Alipokuwa na miaka sita alivishwa nishani ya kumbeba bibi kizee wa Ng'ambo kwa uvumilivu. Aliing'ata kwanza aone kama ni peremende.

Kila nyumba yenye mtu Ng'ambo ikakimbilia kuzaa masomo. Waziri akatangaza kwa simu kwamba nchi yetu sasa inaongoza kwa masomo, na kwa kuwa lengo limefikiwa, shule za sekondari zikafungwa. Mimi nilikuwa nimekwishamaliza yangu, nashukuru.

*

Kisha simu ya dada ikanyamaza.

Tulisema ni mtandao. Tukasema ni mvua za huko. Mtaa ulijua kabla yetu, kwa sababu Kidawa alianza kwenda kwa majirani kuomba sukari. Jokofu likaendelea kuwaka taa ndani, likituonyesha vizuri kwamba hamna kitu.

Aliyetuletea habari ni Bi Tunu, mwanamke aliyerudishwa kutoka mji ule ule wa Siwema baada ya mgongo wake kuharibika. Alikaa kwenye mkeka, akakataa chai, na hapo nikajua. Alisema Siwema alikufa wakati wa joto, katika chumba cha nyuma ya jiko, kwa homa ambayo haikupata nafasi ya kupelekwa hospitali. Bibi kizee alilia sana. Watoto wa bibi kizee walikasirika, maana hapakuwa na mtu wa kumwinua. Manispaa ya huko ilimzika bila jina. Pasi yake ilikuwa kabatini kwa mwajiri, na mwenye funguo za kabati alikuwa likizo.

Kidawa alijifunika kanga usoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anasukwa nywele na mjukuu wake. Siku hizo kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumponyoka.

"Mnamlilia nani?" aliuliza.

"Siwema, Mama."

"Siwema si huyu ananisuka? Acheni uchuro."

*

Nilikwenda Wizarani kuomba ruhusa ya kuweka matanga. Afisa Mwitaji wa mtaa wetu alikuwa Bwana Chilongo, mtu mnene mwenye sauti nzuri sana, aliyekula tembe za asali ili isikwaruze.

"Kufa?" alisema. "Ndugu Mpokeaji, raia wetu aliye Ng'ambo hafi. Huchelewa kuitika."

"Bi Tunu alimwona amefunikwa."

"Bi Tunu ana mgongo. Kila anachokiona anakiona akiwa ameinama." Akacheka, makarani wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa adabu.

"Nataka matanga tu, Bwana. Siku tatu. Tumsomee hitima, watu wale, watawanyike."

"Na mkataba wake tuusomee nini? Yule bibi kizee bado yupo hai, Mungu amzidishie. Anataka kuinuliwa asubuhi na jioni. Nchi yetu iliahidi Siwema, na nchi yetu haivunji ahadi." Alilaza kalamu, akaniangalia kwa huruma. "Hebu niambie ukweli. Nyumbani kwenu hakuna Siwema kabisa?"

"Yupo mwanangu. Ni somo yake."

"Basi unakuja serikalini kuomba msiba wa mtu aliye hai? Wewe una moyo wa namna gani?"

Akanieleza utaratibu. Siwema angeitwa mara tatu kiwanjani, mbele ya watu na mbele ya mama aliyemzaa, maana bila mama mwito hauhesabiki. Asipoitika mtu, atakuwa amekufa, matanga yataruhusiwa na mkataba utafungwa. Akiitika mtu, atakuwa amepatikana.

"Akiitika nani?" niliuliza.

"Aliyeitika ndiye aliyeitwa," alisema Bwana Chilongo. "Hiyo ni sarufi, ndugu yangu, si siasa."

*

Mwanangu alikuwa na miaka kumi na saba na ulimi wa Bi Mwajabu. Nilipomweleza alicheka.

"Baba, mimi hata Mama akiniita niteke maji siitiki. Itakuwa huyo mla asali?"

"Usifanye mzaha. Mjukuu wa Bi Mwajabu alifanya mzaha."

Mjukuu wa Bi Mwajabu alikuwa ameitwa mwezi uliopita. Mara mbili alinyamaza kama gogo. Mara ya tatu Bwana Chilongo aliita jina lake taratibu, akaongeza, "Njoo, chakula tayari." Kijana akasema, "Naam, nakuja." Sasa yuko kwenye machimbo ya Ng'ambo, kwa jina la baba yake mdogo. Bi Mwajabu hasimami tena mkono kiunoni. Alikuja kwetu akanong'ona, "Mtieni pamba masikioni." Lakini walikuwa wanakagua masikio.

Basi tukaanza kumfundisha kutoitika. Nilimwita akiwa anafua. Nilimwita akiwa na tonge mdomoni. Kidawa alimwita kwa sauti ya kuumia, kana kwamba ameungua, na kwa sauti ya kumpa zawadi. Mwanzoni alijisahau. "Abee— ah! Mmenipata!" Tulicheka, tukaanza upya. Baada ya wiki chache hatukumpata tena. Kidawa alisimama mlangoni akaita, "Siwema, mwanangu, nakufa," na mtoto akaendelea kuchambua mchele, hata jicho hakulipepesa. Kidawa akakaa chini akalia. Kumbe jambo lile linatisha, kumwita mtoto uliyemzaa na jina likaanguka sakafuni.

"Si ndiyo mlitaka?" Siwema alisema, naye machozi yanamtoka. "Si ndiyo mlitaka, Mama?"

Tulimfundisha yeye. Tulimfundisha vizuri kabisa.

*

Siku ya mwito kiwanja kilijaa. Serikali ilikuwa imeleta bendi ya tarumbeta, na akina mama wa vigelegele walioajiriwa kwa kazi hiyo. Simu ya Waziri ililetwa kwenye kiti chake. Ilisema kwamba taifa ni familia moja kubwa ambayo karibu wote wamesafiri, halafu ikakatika, karani akaendelea kuipepea.

Tulikalishwa mstari wa mbele. Mama katikati, amevaa kanga mpya ya Wizara. Mwanangu kulia kwake, amefumba mikono mapajani. Daktari wa masikio alipita akawamulika wote.

Bwana Chilongo alipanda jukwaani, akameza tembe ya asali, akaita:

"Siwema!"

Sijawahi kusikia jina likiitwa vizuri namna ile. Lilipita juu ya vichwa vyetu, likagonga ukuta wa ghala, likarudi. Hakuna aliyeitika. Nilimwangalia mwanangu. Alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Mara ya pili hakuita kwa sauti kubwa. Alishuka jukwaani, akaja mpaka mbele yetu, akainama, akaita kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Siwema… Siwema mama… umechoka, eh?" Watu kadhaa nyuma yetu walianza kulia bila kujua kwa nini. Mwanangu alinyamaza. Shingo yake ilikuwa inapiga, tiki, tiki, lakini mdomo ulikuwa umefungwa kabisa. Kidawa alinishika mkono. Tulibakiza mara moja. Mara moja tu, na mtoto angebaki nyumbani, na dada yangu angekuwa maiti halali.

Bwana Chilongo alirudi jukwaani, akanyoosha koti. "Siwema!" aliita kwa mara ya tatu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekwishakata tamaa. Nikaanza kupumua.

Hapo Mama akageuka.

"We Siwema," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya enzi za tanuri. "Mtu mzima anakuita mara ngapi? Nimekulea hivyo mimi? Siwema!"

"Abee, bibi."

Alikwishasema. Mkono ulipofika mdomoni neno lilikuwa limetoka. Alimwangalia bibi yake, akaniangalia mimi, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyevunja kikombe.

Vigelegele vikaanza upande wa serikali. Tarumbeta zikaingia. Bwana Chilongo alitoa leso akafuta jasho, na nadhani kwa kweli alifurahi kwa ajili yetu. "Amepatikana!" alitangaza. "Wananchi, dada yetu yu hai!"

Mama alimpigapiga mwanangu goti, ameridhika. "Hivyo ndivyo. Heshima haina gharama."

*

Alivunwa kabla mwezi haujaandama. Kwenye vyeti vyake aliandikwa mfanyakazi mwandamizi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba na uzoefu wa miaka ishirini, na likizo zake zote zilikuwa zimekwishatumika. Anamwinua bibi kizee yule yule, asubuhi na jioni, na analala katika chumba kile kile cha nyuma ya jiko. Alituambia kwa simu kwamba ukutani kuna alama za kucha, na kwamba ametundika kalenda juu yake. Halafu akasema, "Baba, mwakani narudi," na mimi nikaweka simu chini taratibu, kwa sababu ile haikuwa sauti yake.

Matanga hayakuwepo, maana Siwema yu hai kisheria. Kidawa bado anampelekea Mama chai kila asubuhi, anaiweka karibu, anageuza kikombe upande wa mkono wake wa kulia. Hamsemeshi. Mama naye haulizi. Maboksi yameanza kuja tena, na anasema siku zote alijua kwamba Siwema ni mtoto msikivu. Mimi naandika haya ili pawepo mahali ambapo dada yangu amekufa.

Mwaka uliofuata Kidawa alijifungua mtoto mwingine wa kike. Tulikubaliana bila kuzungumza. Siku ya saba ilipita, ya arobaini ikapita, hatukumpa jina. Si la marehemu, si la aliye hai, si la maua wala la siku ya wiki. Bwana Chilongo alikuja kumwandikisha. Alimbeba, akamtekenya kidevu.

"Mzuri. Anaitwa nani?"

"Haitwi," alisema Kidawa.

"Kila mtu anaitwa, shemeji. Akitambaa kuelekea motoni, mtasemaje?"

Kidawa alimpokonya mtoto. "Tutasema, wewe!"

Bwana Chilongo alifikiri kidogo. Akatoa kalamu, akaandika, akapuliza wino ukauke. "Jina zuri," alisema. "Fupi. Linaitika kirahisi."

Tulilichukulia kuwa ni mzaha. Sisi tulicheka alipoondoka, kwa mara ya kwanza tangu mwito. Lakini juma lililofuata Wizara ilifunga vipaza sauti vipya sokoni, juu ya kila nguzo, mpaka bondeni kwenye nyasi. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya mkate wa nailoni. Bi Mwajabu alikuwa mbele yangu, Bi Tunu nyuma, na mstari ulizunguka kona. Vipaza sauti vilikoroma kidogo, kisha ikasikika sauti nzuri sana, iliyolainishwa kwa asali, ikaita mara moja tu:

"Wewe!"

Soko zima liligeuka. "Abee," walisema wanawake. Nami nilipoziba mdomo, "Naam" yangu ilikuwa imekwishatoka.